Barua kwa Mwanaidi: neno limenishinda

Oakland, 9 Novemba 2025

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam aleikum. Habari za Tanga, habari za bi mkubwa, na mapacha wa Zuhura wameshaanza kutembea? Huku sisi wazima, alhamdulillahi, ila baridi imeanza na mguu wangu wa polio hauniachi nilale. Najua umenuna. Miezi saba kimya, na sauti yako ya Idi sikuijibu. Nisamehe. Mwezi wa tano Patty Berne wa Sins Invalid, kikundi cha wasanii wenye ulemavu, alitutoka, na tangu hapo kila nikianza kukuandikia naishia kwenye msiba, naacha.

Humo kwenye bahasha nimebandika sarafu. Ni robo dola, senti 25, lakini igeuze uitazame. Huyo mwanamke kwenye kiti cha magurudumu, anayezungumza na watu, ni Stacey Park Milbern. Alizaliwa Seoul, akakulia North Carolina, akahamia huku, akafariki Mei 2020 siku aliyotimiza miaka 33. Nyumba yake, hapa hapa Oakland Mashariki, ilikuwa mahali pa kukutana na kupanga mambo. Umeme ulipokatwa 2019 kwa hofu ya moto wa misitu, yeye na wenzake walihangaikia jenereta za watu wanaopumua kwa mashine. Mwaka huu serikali imemweka kwenye pesa. Mimi nilirudishiwa yake kwenye chenji dukani, nikasimamisha kiti palepale mlangoni nikalia.

Sasa shida yangu. Kwenye sarafu hiyo wameandika Disability Justice. Kikundi chetu kina onyesho mwezi wa pili, na kila mmoja wetu aleta maneno hayo kwa lugha ya kwao yachorwe kwenye pazia. Mama wa Guatemala kaleta ya kwake. Kijana wa Manila kaleta. Mimi nimekwama.

Utaniambia haki za watu wenye ulemavu. Hilo nalijua, lakini hilo ni jina la jambo la kwanza, la sheria: jengo liwe na njia ya mteremko, basi liwe na nafasi ya kiti. Patty, Stacey na mwanaharakati mwenzao Mia Mingus walipoanza kulitumia hili jina jingine mwaka 2005, walikuwa wanasema sheria zile zinamfaa zaidi mwenye kazi, mwenye wakili, mwenye karatasi, na mara nyingi ni Mzungu. Mweusi anayeogopa polisi je? Mhamiaji asiye na vibali, kama nilivyokuwa mimi miaka ile minne? Kiingereza kina neno la haki unayoidai ofisini, rights, na jingine la haki inayotendeka, justice. Sisi zote mbili tunaziita haki.

Na hata hizo sheria, nani alizilipia? Aprili 1977 watu wenye ulemavu zaidi ya mia waliingia jengo la serikali San Francisco, wakalala humo karibu wiki nne mpaka kanuni za kukataza kuwabagua zikatiwa saini. Miongoni mwao alikuwa Brad Lomax, kijana mweusi wa Black Panther, chama cha kupigania ukombozi wa watu weusi, aliyetumia kiti cha magurudumu, na Chuck Jackson aliyekuwa akimhudumia. Chakula cha moto kilivushwa daraja kutoka Oakland kila siku, na waliokipika ni hao hao Panther. Mimi nimeishi mji huu miaka mingi kabla ya kusikia jina la Lomax.

Unakumbuka michezo ya kuigiza ya shule? Kila mwaka mimi na wewe tulipewa sehemu ya ombaomba. Wewe na magongo yako, mimi na kibaiskeli changu, tunyooshe mkono, mfalme apite atuhurumie. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipoona onyesho la Sins Invalid sikuweza kusema kitu njia nzima ya kurudi. Kikundi hicho Patty, mtoto wa Mjapani na Mhaiti, alikianzisha na Leroy Moore, Mmarekani mweusi mwenye mtindio wa ubongo. Hakuna aliyenyoosha mkono. Walisema mapenzi, walisema hasira, mtu kavua shati akaonyesha mgongo wake uliopinda kama mtu anayeonyesha hereni mpya. Mwanaidi, nilikuwa na miaka thelathini na sijawahi kuona mwili kama wangu unatazamwa kwa raha.

Leroy ndiye pia aliyeanzisha Krip-Hop mwaka 2007, wanamuziki wenye ulemavu wa nchi mbalimbali. Lile tusi la kuitwa kilema kwa Kiingereza, crip, kalichukua, kalibadilisha herufi, kalifanya jina. Kijana mmoja wetu, mama yake wa Kigoma, anataka na sisi tujiite Viwete. Mie roho inasita. Kiwete, kipofu, kiziwi, zote ki-, kama kiti na kijiko. Yeye anasema ndiyo sababu hasa. Pengine ana haki. Ona, neno lenyewe limerudi tena!

Bibi yangu alikuwa akisema fulani hana insafu, yaani hawatendei watu haki. Nalipenda, ila vijana watalielewa? Uadilifu unanukia semina ya watumishi. Na hujafa hujaumbika usiniletee, naomba. Maisha yangu yote nimeambiwa hilo mbele ya watoto ili wao wajifunze adabu.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliyetunga nyimbo za taarab ukiwa darasa la saba: kinamama wa kikundi chako wanasemaje wakiwa peke yao? Insafu bado inatumika huko? Ungekubali kuitwa kiwete na mwenzio jukwaani? Na lile igizo lenu la soko mmelimaliza, ombaomba mmemtoa? Nijibu kwa sauti, hata dakika mbili, kabla ya mwisho wa Januari. Mchora pazia ananisubiri.

Nisalimie wote, na bi mkubwa umbusu mkono.

Wako,
Rehema