Kanuni za yadi za mbao zitazame kilichorundikwa

Mhariri,

Kila mazungumzo ya kupanga mji wetu wa Mafinga yakifika kwenye yadi za mbao, huishia pale pale: jengeni ukuta, ezekeni, ondoeni marundo machoni pa watu. Mimi ni muuza mbao, na yadi yangu iko kwenye kiwanja cha makazi na biashara, hatua chache kutoka barabara kuu ya Tanzam. Kwamba kanuni za kuweka vitu nje zinahitajika, sibishi. Ninachokataa ni kanuni inayopima kila rundo kwa macho ya abiria wa basi.

Mbao hazikai nje kwa uvivu wetu. Paini ya msitu wa Sao Hill ikipasuliwa leo inaweza kuwa na maji yanayokaribia uzito wa mbao yenyewe ikiwa kavu. Kwa hiyo tunaiinua juu ya magogo isiguse udongo, tunaweka vijiti kati ya safu na safu ili upepo upite, na juu kabisa tunafunika kwa mabati chakavu yaliyokandamizwa na mawe. Mbili kwa nne ikikaa hivyo kwa wiki kadhaa inakuwa nyepesi na haipindi. Ifungie nyuma ya ukuta mrefu usiopitisha hewa, kwa ukungu huu wetu wa Juni, uone itakavyoota madoa ya bluu. Madoa hayo hayapunguzi sana nguvu ya mbao, lakini mteja wa Dar es Salaam akiyaona anakata bei kabla hata hajakusalimia. Kama ni lazima tuzungushie, basi uwe uzio wa wavu au wa mbao zilizoachana.

Maranda na mabanzi ni habari nyingine, na hapa nina dhambi yangu mwenyewe. Kiangazi kimoja niliacha maranda yajikusanye nyuma ya mashine ya randa mpaka yakanifika kifuani. Cheche ilitoka wapi sijui hadi leo. Sikuona mwali wowote, ila moshi mwembamba kama wa mtu anayevuta sigara kwa siri. Tukamwaga maji, juu pakalowa, tukaenda kulala. Asubuhi moshi ulikuwa umehamia upande wa pili wa rundo. Ilitubidi tulichimbue lote kwa koleo, na kazi hiyo ilichukua siku nne. Siku ya tatu jirani yangu alisimama mpakani akaniambia, “Baba Neema, sare za wanangu zinanuka moshi mpaka mwalimu ameuliza.” Nilimwomba radhi, lakini radhi haifui nguo. Kwa maranda, sheria ndogo iwe kali: yaondolewe kwa muda uliowekwa na yasikae kamwe kwenye mpaka wa nyumba ya mtu.

Kali zaidi iwe kwa mbao na nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu na kuoza. Ile rangi ya kijani ni ya shaba, na dawa nyingi za aina hiyo huchanganywa na kromiamu na arseniki. Nguzo iliyotoka kwenye dawa jana, ikilazwa kwenye udongo mtupu halafu mvua ikanyesha, maji yanajua njia ya kwenda kisimani. Ajabu ni kwamba yadi yenye nguzo zilizonyooka namna hiyo ndiyo mpita njia ataiona safi kuliko yangu.

Kuhusu hifadhi ya barabara sina utetezi. Sheria ya Barabara ya 2007 ilitoa mita 30 kila upande, nyumba za watu zikapigwa alama ya X ya kubomolewa, nasi wenye marundo hatuna sababu ya kujiona tumesamehewa. Mwenye rundo ndani ya mita hizo alitoe, nami nikiwemo.

Shida iko ndani ya kiwanja. Karatasi zangu zinaeleza jengo: kuta, paa, choo, matumizi. Kuhusu uwanja wa wazi, ambako ndiko biashara yenyewe ilipo, hazisemi neno. Halmashauri zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo tangu sheria ya mamlaka za miji ya 1982. Basi iandikwe kwa mita: kimo cha rundo, umbali wake kutoka mpakani, upana wa njia katikati. Na itungwe baada ya kukaa na sisi tunaopanga mbao, tusije tukaisomea kwenye tangazo la operesheni.

Baada ya ule moto nilipima njia yangu kutoka getini hadi rundo la mwisho. Toroli lilipita, lakini gari la zimamoto lisingepita. Nimeshahamisha marundo mawili. La tatu liko mpakani, na mwenzangu wa yadi ya pili ana lake limeegemea mstari huo huo kwa upande wake. Kila mmoja anasema aanze mwenzake.

Muuza mbao,
Mafinga, Iringa