"Mtindi tu, elfu thelathini?"

Jumamosi mteja aliyekuja kutunzwa ngozi ameniuliza tena: "Dada, mtindi na unga wa dengu tu, ndiyo elfu thelathini?" Simlaumu aliyeuliza. Yeye ameliona bakuli, kazi ya usiku uliotangulia hakuiona.

Tuanze na takradhara, yaani kumtiririshia mtu mtindi, kama wanavyoifanya Kerala, kusini mwa India. Maziwa nayachemsha pamoja na maji na mizizi ya ndago mpaka maji yakauke, yabaki maziwa matupu. Yakishakuwa vuguvugu natia mbegu ya mgando, nayalaza hadi asubuhi. Hapo nayasuka, naondoa siagi yote, kisha nachanganya na maji ya amla, tunda chachu la Kihindi, iliyochemshwa. Yote hayo ni ya mteja mmoja, ya kumtiririshia kwenye paji la uso, na akiondoka yaliyobaki yanamwagwa.

Wengi wanadhani maziwa ya mgando yanapoza. Katika Ayurveda, tiba ya jadi ya India, dahi, ndiyo hayo maziwa ya mgando, ni nzito, chachu, na tabia yake ni ya moto, kama wazee wetu wanavyogawa vyakula vya moto na vya baridi. Ndiyo maana mwenye ngozi iliyowaka simpaki dahi nzima. Namfanyia takra, yaani ule mtindi uliokwisha kutolewa siagi. Dahi yenyewe naiweka kwenye ubtan, yaani singo, pamoja na unga wa dengu na manjano, ule wanaosingwa maharusi wa Kihindi.

Sasa ndimu. Jamani, ndimu! Bi harusi mmoja aliona bei yangu kubwa, akanunua yogati ya stroberi yenye sukari, akakamulia ndimu mbili, akalala nayo usoni. Asubuhi akashinda juani akihangaikia sare. Uchachu wa ndimu unaushinda mbali ule wa mtindi, na maji yake yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi. Alinijia siku nne kabla ya ndoa, mashavu yamevimba. Sikumgusa. Nilimwelekeza kwa daktari wa ngozi, na alicholipa huko kingetosha kunilipa mimi mara kadhaa.

Mwingine aliomba nimfungie ubtan ya wiki nzima. Nilikataa, akaikoroga mwenyewe, siku ya tano ikaota ukungu na bado akaipaka.

Mwenye mzio wa maziwa aniambie kabla sijafungua chungu. Wote nawajaribu kwanza nyuma ya sikio, hata wa zamani. Na anayetaka Jumamosi aniambie mwisho Alhamisi, kwa sababu Ijumaa jioni maziwa yapo jikoni tayari.