Mota ikitetemeka, tusikimbilie kubadilisha beringi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie desturi iliyoenea viwandani, ya kubadilisha beringi (vyuma vinavyobeba shafti inayozunguka) kila mara mota inapotetemeka, kabla ya mtu yeyote kuuliza mtetemo huo unatoka wapi. Beringi mpya nayo hufa upesi ikiwa chanzo kimebaki palepale.

Kipimo cha kwanza hakigharimu chochote: mota ikiwa katika mwendo kamili, zima umeme. Mtetemo ukikoma papo hapo, ilhali rota (sehemu ya ndani inayozunguka) bado inazunguka, tatizo ni la kiumeme, kwa mfano nafasi isiyo sawa kati ya rota na stata (sehemu ya nje isiyozunguka). Kwa umeme wetu wa hezi 50, mtetemo wa namna hiyo huonekana kwenye kifaa cha kupimia katika hezi 100, yaani mara mbili ya hezi za umeme. Ukififia polepole pamoja na mwendo, tatizo huwa la kimakanika: rota isiyo na mizania, au shafti za mota na za pampu inayoendeshwa nayo zisizonyooka pamoja.

Kinachosahaulika zaidi ni mguu wa mota usiokaa sawasawa juu ya msingi. Swichi kuu ikiwa imezimwa na kutiwa kufuli, legeza bolti moja moja. Mguu ukiinuka, jaza pengo kwa vipande vyembamba vya bati, kisha pima upya unyoofu wa shafti. Mafundi wengine huikaza bolti hiyo kwa nguvu zaidi (na bomba refu juu ya spana!), jambo ambalo huipinda fremu na kuharibu hata ile nafasi ya rota na stata.

Fundi mitambo,
Morogoro