Mtutu wa baba umetutaja

Kigamboni, Dar es Salaam
Jumanne usiku

Ndugu yangu Sudi,

Salamu nyingi sana, wewe na shemeji na watoto. Najua nimekaa kimya tangu arobaini ya shangazi, na simu zako mbili sikuzirudisha. Nisamehe. Sisi huku wazima. Mama goti linamsumbua lakini anatembea, Rehema kajifungua mtoto wa kiume na jina bado linabishaniwa na pande zote mbili. Hayo tutayaongea siku nyingine. Nimekaa kuandika kwa sababu hili nililonalo nikilisema kwa simu nitalikatisha katikati, na baba yuko chumba cha pili, macho yamepungua lakini masikio ni yale yale.

Ni ile bunduki, Sudi. Ile ya marisau, ya mitutu miwili, ya Mang'ula.

Baba alipohamia huku alikuja nayo. Leseni ni yake na anaitunza kuliko cheti cha ndoa. Bunduki aliifungia kwenye kabati la chuma, ndani ya ule mfuko wake wa ngozi aliokuwa akijivunia, na mfuko ndio ulioimaliza. Ngozi hunywa unyevu na kuushikilia, na sisi tuko hatua chache tu kutoka baharini. Mwezi uliopita akaitoa kuifuta, kitambaa kikatoka chekundu. Weusi umekwisha, na pale mkono wake wa kushoto ulipokuwa ukishika pamekuwa peupe kama sarafu. Kwingine kutu imechimba vishimo, akavihesabu kwa vidole kimoja kimoja. Kisha akasema, "Nataka iwe nyeusi tena." Basi, hakuongeza neno.

Fundi wa kwanza tuliyempata nusura aiharibu. Alitaka kuichovya kwenye chumvi za moto zenye kostiki soda, aimalize siku hiyo hiyo. Njia hiyo ipo, na bunduki nyingi za viwandani hupakwa weusi hivyo. Lakini mitutu miwili ya zamani imeunganishwa kwa lehemu ya bati na madini ya risasi, na kostiki huila lehemu. Ungeiona nzuri siku mbili tatu, halafu ubavu wa katikati, ule ukanda unaoshika mitutu pamoja, unaanza kuachia. Baba alimsikiliza, akamuuliza, "Na lehemu je?" Yule akacheka. Baba akasema, "Twende nyumbani."

Fundi wa pili ni mzee mwenzake, ana kibali, anaongea kidogo. Kila siku naenda na baba mwenyewe, maana leseni ni ya jina lake, mimi siwezi kuibeba peke yangu. Jambo la kwanza mzee alivua ule ubao wa mbele. Chini yake, mahali ambapo jua wala mkono havikufika, rangi ya kwanza bado ipo: nyeusi yenye ubuluu kwa mbali. Nikamweleza baba ninachokiona. Akatabasamu, Sudi, kama mtu aliyeonyeshwa picha ya harusi yake. Pale pale pana mihuri, herufi ELG ndani ya umbo la yai, na taji juu yake. Mzee akatuambia huo ni muhuri wa majaribio wa Liège, Ubelgiji, na taji waliliongeza mwaka 1893, kwa hiyo bunduki haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Msasa hataupitisha hapo kabisa. Na vishimo hatavifuta vyote, maana kila ukifuta unapunguza chuma, na mtutu mwembamba ni hatari kuliko mtutu wenye makovu. Nilimpenda kwa neno hilo.

Halafu akaielekeza mitutu dirishani, akachungulia ndani. Mtutu mzima, anasema, ukiuangalia kuelekea mwanga unaona pete za mwanga zimepangana sawasawa hadi mwisho. Ule wa kulia pete zilikatika. Akanipa nichungulie, nikaona. Akapapasa kwa nje, akasimamisha kidole, akamuuliza baba, "Hapa paligonga nini?"

Unajua paligonga nini.

Mwaka 1993, tuko darasa la tano. Baba amekwenda msibani. Gogo la kuvukia kijito, nyuma ya shule. Wewe uko mbele, mimi nimeibeba begani kama askari, haina hata risasi moja, tunakwenda kuwatisha ngedere tu. Mguu ukateleza. Naukumbuka ule mlio wa chuma juu ya jiwe kuliko ninavyokumbuka mlio wowote wa utoto wangu. Tukaifuta matope kwa shati lako la shule, tukairudisha nyuma ya mlango, ukaniapia na mimi nikakuapia.

Sasa sikiliza baba alivyojibu. Akafikiri, akasema taratibu, "Itakuwa ni mimi. Niliwahi kuanguka nayo kule shambani, usiku wa nguruwe pori. Sikuwa mwangalifu." Na mimi nimesimama pembeni yake, nimemshika kiwiko, sikusema kitu.

Mzee akamweleza kwamba mtutu uliobonyea unabana marisau yanapopita, na unaweza kupasuka, na mkono wa kushoto uko pale pale. Baba aliitumia bunduki ile miaka mingapi baada ya siku ile? Alilinda mpunga nayo misimu yote hiyo. Usiku silali, Sudi. Namwona analenga gizani, shavu liko kwenye kitako, na lile bonde letu la kwenye mtutu limekaa mbele ya uso wake.

Bonde lenyewe limeshatoka. Mzee ana kipande cha chuma kilichochongwa kwa kipimo cha tundu. Alikipaka mafuta, akakisukuma mpaka chini ya pale palipobonyea, akawa anagonga nje kwa nyundo ndogo, pole pole, anatoa, anachungulia, anarudisha. Asubuhi nzima. Pete zikakaa sawa.

Sasa tuko kwenye rangi, na hii ndiyo kazi ya subira. Wanaitia kutu kwa makusudi. Kwanza inasafishwa mafuta yote kwa asetoni, na baada ya hapo hakuna kuishika kwa mkono mtupu, alama ya kidole inabaki. Matundu yamezibwa kwa vigingi vya mti. Inapakwa dawa nyembamba, inaning'inizwa, na kwa unyevu huu wa Dar haichukui muda, inachanua kutu nyekundu laini kama vumbi la njia ya Ifakara. Kisha inachemshwa. Nilikwenda kwa mafundi wa eneo la Gerezani kutengenezesha beseni refu la bati, tunaliweka juu ya majiko mawili ya mkaa. Maji ni yale yasiyo na madini yanayouzwa kwa ajili ya betri, kwa sababu ya kisima yana chumvi. Ikichemka, ule wekundu unageuka mweusi huku unatazama. Kutu ile ile, Sudi, imebadilika tu. Inasuguliwa kwa nyuzi laini za chuma, unabaki utando mwembamba, halafu mnaanza upya. Mara nane, labda kumi.

Leo ilikuwa mara ya tatu. Baba anakaa kwenye benchi, kila ikitoka majini ananiuliza, "Imefika rangi gani?" Jana nilimwambia kijivu. Leo nimemwambia ya wingu la masika. Akasema, "Bado."

Nataka kumwambia kabla haijafika nyeusi. Sitaki aipokee ikiwa nzuri hivyo huku anaamini kosa lilikuwa lake. Lakini kiapo ni cha wawili, na siwezi kukivunja bila wewe kujua.

Nijibu haraka, kabla ya Ijumaa ukiweza. Unaniruhusu niseme? Nitaje jina lako au niseme nilikuwa peke yangu? Au utapanda basi uje tumwambie pamoja, ukae naye siku mbili kwenye lile benchi, maana mimi kazini wameanza kuninung'unikia? Mama yako alijua? Niliwahi kuhisi alijua, kwa vile alivyolifua lile shati bila kuuliza. Na wewe, umewahi kumwambia mtu yeyote? Baba yangu alipokuwa akipita kwenu usiku na bunduki begani, ulikuwa unawaza nini?

Msalimie Mzee Sefu na Kibibi. Mwambie Kibibi ule mchele ulifika salama.

Nduguyo,
Hamisi