Projekta ilipozima

Mhariri,

Nipo mazoezi ya kufundisha katika skuli moja Wilaya ya Wete. Usiku kucha nilitengeneza slaidi za mzunguko wa damu, moyo ukidunda kwa rangi. Projekta ikawaka, watoto wakashangilia. Dakika ya kumi umeme ukakatika. (Pemba tunapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, lakini kukatika hakujaisha.) Mwalimu wangu mlezi akanipa chaki, bila neno. Nikachora moyo ubaoni, na hapo ndipo maswali yalipoanza kumiminika.

Chuoni tulifundishwa kubonyeza. Naomba wakufunzi watufundishe pia kuliendeleza somo kioo kikizima. Na jamani, soketi moja darasani haitoshi!

Mwalimu mwanafunzi,
Wete, Pemba