Kwa wanakwaya wangu, kabla mvua haijakaza

Mbukwenyi, wanangu na wajukuu zangu.

Nawaandikia nikiwa barazani, saa kumi na moja jioni, upepo wetu wa Dodoma unanimwagia vumbi kwenye karatasi. Mawingu yamejikusanya upande wa Mvumi tangu juzi na bado hayajaamua. Nimeona niandike, maana nikisimama kanisani nitapewa dakika mbili za matangazo, nanyi mtakuwa mmeinamia simu.

Jumatano usiku nilirudi kanisani kuchukua miwani niliyoisahau. Ilikuwa saa nne na robo, nikawakuta bado mko mazoezini. Binti mmoja wa sauti ya pili alikuwa amelala kwenye benchi, daftari la nyimbo limemfunika uso, kiatu kimoja mguuni na kingine chini. Mwalimu wa kwaya akagonga meza: "Tena, kutoka mwanzo!" Binti akanyanyuka, akaimba "furahini" huku macho yamefumba. Nilicheka. Nikiwa njiani kurudi kicheko kikaniisha, kwa sababu binti yule namfahamu: saa kumi na moja alfajiri huwa kituoni anasubiri daladala ya Mtumba.

Desemba yenu naijua. Kuna sare ya kitenge, mchango wa kurekodi video, mchango wa pilau la sikukuu, nauli ya kwenda nyumbani, iwe ni basi la pale Nanenane au treni ya SGR. Kikoba kinavunjwa na mgao wako umeshapata wenyewe kabla haujafika mkononi. Na Januari inasubiri mlangoni na madaftari na sare za watoto. Wawili kati yenu walikuja kwangu kwa siri. Walichukua mikopo ya kausha damu ili wasionekane hawajachangia kitenge. Sitawataja hata mkinibembeleza. Ila viongozi wa kwaya nawaambia bila kuzunguka: kama mtu anakopa kwa riba ya kila siku ili aje kumwimbia Mtoto aliyelazwa horini, sisi wote tumekosea, na mimi niliyekaa kimya mwaka jana nimo.

Sasa tuseme juu ya Majilio yenyewe, majuma haya ya kungojea Krismasi, kwa sababu naona tumeyageuza kuwa mwezi wa kuandaa tamasha. Jina lina neno "kuja" ndani yake: kuna anayetujia. Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na siku ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba, na yana Jumapili nne, siku 22 zikiwa chache, 28 zikiwa nyingi. Kitambaa cha altare ni cha zambarau. Makanisa mengi wiki hizi hawauimbi ule wimbo wa Utukufu, wanauweka hadi usiku wa Krismasi, kusudi ukiimbwa masikio yawe na njaa nao. Sisi tumeshaziimba nyimbo zote za Krismasi tangu Novemba katikati. Ikifika tarehe 25 tumezichoka, na sauti zimekauka.

Hata lile taji la mishumaa minne mnalolipiga picha lilianza kwa ajili ya watu wasioweza kusubiri. Mchungaji Mlutheri wa Hamburg, Johann Hinrich Wichern, alikuwa akilea watoto maskini, nao walimsumbua kila siku wakiuliza Krismasi ni lini. Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipangia mishumaa: mikubwa minne ya Jumapili, midogo ya siku za katikati. Mshumaa mmoja kwa siku. Hakuwapa watoto Krismasi mapema wanyamaze, aliwapa namna ya kusubiri.

Sisi watu wa huku hatukuhitaji gurudumu. Mvua yetu ni moja kwa mwaka, kama milimita 570, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa hiyo Majilio yanatukuta kila mwaka shingo zimeelekea juu. Ninyi mliohamia na ofisi za serikali mnaliona vumbi tu. Mkulima wa Chamwino au Bahi wakati huu ameshaliberega shamba, yaani amefyeka, amekusanya majani na kuyachoma, na wengine wameshapanda mtama na uwele kwenye udongo mkavu kabla tone halijaanguka. Mtu huyo ukimkuta chini ya mti saa sita mchana amekunja miguu, usimwite mvivu. Sehemu yake ameimaliza. Iliyobaki haiko mikononi mwake, naye anajua.

Hilo nililijifunza vibaya. Nilipoolewa nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo, najiona najua. Mama mkwe akanipa kipande cha shamba, nikapanda uwele kwenye ardhi kavu kama alivyonielekeza. Mvua ikanyesha usiku mmoja, kisha jua wiki nzima. Nikawa naamka kabla ya shule, naenda shambani, nafukua shimo kwa kidole kuangalia kama mbegu imeota. Siku ya kwanza kimya. Siku ya tatu nikakuta kijimzizi cheupe, chembamba kama uzi. Nilifurahi sana, nikafukua shimo la pili, la tatu, karibu mstari mzima, nikivifunika tena kwa haraka kengele isinikute njiani. Jioni mama mkwe akapita, akaona udongo uliochokonolewa. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu, uliipanda au uliiazima?" Mstari ule haukuota hata mche mmoja.

Naona vidole vyenu mashimoni, wanangu. Mnatazama simu usiku wa manane kama barua ya ajira imejibiwa. Mnarudia wimbo mara kumi na tisa na uliiva mara ya sita. Mnaomba kitu Jumapili, Jumanne mnaanza kukichimbua.

Lakini msije mkadhani namaanisha ukitulia kila kitu kitaota. Mwaka ule ule, mistari ambayo sikuigusa iliota vizuri, halafu Februari jua likatukalia kama kawaida yake, tukavuna magunia mawili. Mtume Yakobo, sura ya 5 mstari wa 7, anamsifu mkulima anayevumilia mpaka apate mvua ya kwanza na ya mwisho. Mhubiri wa mjini huipita mistari hiyo haraka. Sisi tunajua kilichopo katikati ya mvua hizo mbili.

Katika kwaya yenu yupo aliyemzika mama yake mwezi wa tisa. Yupo ambaye ujauzito wake haukufika. Mkiwaambia hao "furahini" kwa sauti nne na kinanda, watatabasamu kwa heshima tu. Kwa ajili yao nawasimulia habari ya kibuyu.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa msichana mdogo wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita huku yakipigana vita vyao, yakabeba ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakataa. Bibi alipotusimulia hakuwa analia, alikuwa anachambua mlenda huku anasema. Walikula mizizi. Wadogo zake wawili walikufa. Na muda wote huo, ndani ya tembe, juu ya moto, kilining'inia kibuyu kimoja cha mbegu ya uwele, kimezibwa kwa gunzi, kimechanganywa majivu fukusi wasiingie, cheusi tii kwa masizi. Watoto walikitazama kila usiku. Mama yao naye alikitazama. Hakuna aliyekishusha.

Nikiwa mtoto nilimwuliza bibi, kwa nini hamkula? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga, akasema, "Tungepanda nini?"

Miaka yote nimesikia mahubiri ya tumaini, mengine mazuri sana, na hakuna lililonikaa kama swali hilo. Mama yule hakujua mvua itakuja lini. Hakuwa na furaha ya kuimba. Alikuwa na kibuyu, na alikataa kukishusha, basi. Kwa hiyo wewe uliyefiwa, Majilio haya hudaiwi tabasamu. Kaa karibu na moto pamoja na wenzako, hata kama huimbi.

Sasa maombi yangu, na muyachukue kama maagizo ya bibi. Mazoezi yawe siku mbili kwa wiki, na saa mbili usiku kila mtu awe njiani kwenda nyumbani. Zaburi ya 127 inasema kuamka mapema na kukawia kulala ni kazi bure, kwamba Mungu huwapa wapenzi wake usingizi. Mwalimu wa kwaya aisome mwenyewe, peke yake, mara mbili. Asiye na kitenge kipya aimbe na nguo aliyo nayo, asimame mstari wa mbele, nami nitasimama karibu yake na gauni langu la mwaka 1998. Video iahirishwe. Waliokopa waje, tutakaa na wazee tuone namna ya kumaliza deni kabla riba haijazaa tena. Na wavulana, mkesha wa Krismasi ndoo za maji na kuni ni zenu, ili mabinti nao wafike kanisani wakiwa hawanuki vitunguu.

Jumamosi alasiri njooni kwangu, bila madaftari ya nyimbo. Hatutafanya mazoezi wala kikao. Nitasonga ugali wa uwele na mlenda, na mkitaka mtalala kwenye mkeka chini ya mwarobaini, hakuna atakayewaamsha. Kibuyu cha bibi ninacho, kiko jikoni juu ya moto, na mwaka huu kina mbegu. Nitawaacha mkishike.

Matone yameanza, wino unatawanyika na nguo zangu bado ziko kambani. Naishia hapa.

Ni mimi bibi yenu, mwalimu mstaafu, benchi la pili kutoka mbele.