Karavani kwenda Mediterania: anzeni na mizani, ramani baadaye

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua. Kila majira ya joto yanapokaribia, ushauri wa safari ya karavani (nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari) kutoka kaskazini mwa Ulaya hadi Bahari ya Mediterania huwa mwingi, na karibu wote huanza na ramani: pita hapa, lala pale, ufukwe fulani una maji safi. Sisi tunaojishughulisha na karavani tunaona huko ni kuanza na mwisho. Kinachoamua safari hii ni uzito. Ndio unaoamua leseni inayotakiwa, mwendo unaoruhusiwa, na kama breki zitamfikisha dereva chini ya mlima zikiwa bado zinashika.

Tuanze na leseni. Leseni ya daraja B ya Umoja wa Ulaya inaruhusu tela la hadi kilo 750. Tela likizidi hapo, jumla ya gari na tela isivuke kilo 3,500. Kibali cha B96 kinapandisha jumla hiyo hadi kilo 4,250, na daraja BE linaruhusu tela la hadi kilo 3,500. Kinachohesabiwa hapa ni uzito wa juu unaoruhusiwa, ulioandikwa kwenye hati. Kwa hiyo dereva mwenye leseni pungufu hawezi kujitetea kwa polisi kwamba karavani haina kitu ndani. Mwenye leseni iliyotolewa nje ya Ulaya aulize mapema, nchi kwa nchi, kama inatambuliwa kwa kuvuta tela.

Halafu mzigo. Chukua karavani yenye uzito wa juu wa kilo 1,500, iliyotoka kiwandani na kilo 1,320. Zinabaki kilo 180, na kwa macho zinaonekana nyingi. Weka betri kilo 22, hema la mbele kilo 28, mota ya kusogezea karavani kilo 32, meza na viti kilo 20, na lita 40 za maji, yaani kilo 40 nyingine. Hapo zimekwenda 142. Nguo, vyombo, chakula, vitabu na baiskeli vinagombania kilo 38. Viwanda navyo havihesabu kwa namna moja: kimoja kinajumlisha mtungi wa gesi na maji kidogo, kingine hakijumlishi. Njia ya uhakika ni kuipeleka karavani kwenye mizani ya magari ikiwa imepakiwa kama siku ya safari. Ikizidi, cha kwanza kumwaga ni maji, kwa sababu kambini yapo.

Baada ya jumla, tazama mzigo umekaa wapi. Vizito viwe chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kamwe visiwe nyuma kabisa. Uzito unaoegemea mpira wa chuma wa kuvutia tela uwe kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito halisi wa karavani. Kwa karavani ya kilo 1,500 ni kilo 75 hadi 105. Gari lina kikomo chake na kiungo cha kuvutia kina chake; fuata kilicho kidogo kuliko vyote. Kupima ni rahisi: kwenye sakafu tambarare, kata kipande cha mti kinachofikisha kichwa cha karavani (sehemu inayofungwa kwenye mpira huo) kwenye kimo kilekile kinachokuwa nacho kikiwa kimefungwa kwenye gari, kisimamishe juu ya mizani ya kupimia watu, inua gurudumu dogo la mbele, kisha soma. Ukipata kilo 50, sogeza vitu vizito mbele kidogo halafu pima tena.

Kipimo hiki ndicho kinga ya kwanza dhidi ya karavani kuyumba kama nyoka barabarani. Mkia ukiwa mzito, upepo wa lori linalopita au mteremko mdogo unatosha kuanzisha kuyumba huko, na kila mkia ukirudi upande wa pili unarudi na nguvu zaidi. Kuyumba kukianza, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke na uache mwendo upungue wenyewe. Wanaokanyaga breki kwa nguvu au kuuzungusha usukani kuifuata karavani ndio wanaoishia kupinduka.

Tairi za karavani hufa kwa uzee kabla ya kwisha kashata (meno yanayogusa barabara), kwa sababu hukaa miezi mingi zimesimama zikibeba mzigo uleule mahali palepale. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikifika miaka sita au saba zibadilishwe, hata kama zinang'aa. Ujerumani mwendo wa kawaida wa gari lenye tela ni kilomita 80 kwa saa, na kibali cha 100 kina masharti, mojawapo likiwa kwamba tairi za tela ziwe na umri chini ya miaka sita. Pima upepo tairi zikiwa baridi. Gurudumu likifunguliwa kwa sababu yoyote, boliti zikazwe tena kwa spana ya kupimia nguvu baada ya kilomita 50 hivi, maana hulegea zinapojikalisha.

Sasa ramani inaweza kufunguliwa. Kutoka Calais, bandari ya kaskazini mwa Ufaransa, hadi pwani ya kusini ya Ufaransa ni zaidi ya kilomita 1,000. Gari peke yake humaliza kwa siku moja ndefu; lenye karavani lipewe siku nne, wastani wa kilomita 300 kwa siku, kwa kuwa ukijumlisha vituo vya mafuta na mapumziko mwendo halisi ni mdogo kuliko kibao kinavyosema. Ufaransa, uzito ulioruhusiwa wa gari na karavani kwa pamoja ukipita tani 3.5, kikomo kwenye barabara kuu ya kulipia ni 90. Tena, gari na karavani vyenye urefu wa jumla unaozidi mita 7 haviruhusiwi kushika njia ya kushoto kabisa palipo na njia tatu au zaidi. Italia ni 80 kwenye barabara kuu na 70 kwenye za kawaida nje ya mji. Uswisi inataka stika ya malipo ya barabara kuu kwa gari na nyingine kwa karavani. Austria stika ya gari inatosha, ila barabara ya Brenner, inayovuka milima kwenda Italia, ina malipo yake ya pekee.

Wengi huteremkia bonde la Rhône kwa barabara kuu ya A7, na hatuwalaumu, kwani ni tambarare. Ubaya wake ni mbili: foleni za Jumamosi za Julai na Agosti, hasa mwisho wa Julai wanaorudi wanapokutana na wanaokwenda, na upepo wa mistral unaovuma kutoka kaskazini kwa siku kadhaa mfululizo. Mbele zaidi, kwenye A9 kati ya Narbonne na Perpignan, kuna upepo wa tramontane, unaopiga ubavuni. Ubavu wa karavani ni tanga lisiloweza kukunjwa. Mbao za taa za barabarani zikitangaza upepo mkali, tafuta kambi na ulale. Ndiyo maana kila mpango wa safari hii unapaswa kuwa na siku moja au mbili zisizo na kazi.

Sisi tunapendelea A75, kutoka Clermont-Ferrand hadi karibu na Béziers. Haina ushuru isipokuwa kwenye daraja la Millau, lililofunguliwa Desemba 2004, ambalo kilele cha nguzo zake kinafika mita 343. Foleni ni chache na mandhari ni ya kupendeza. Lakini barabara hii inapanda kupita mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kisha kabla ya Lodève inashuka kwa kasi huko Pas de l'Escalette. Hapo ndipo uzito unapodai deni lake.

Breki ya karavani hufanya kazi kwa kusukumwa: gari likipunguza mwendo, karavani inalisukuma, kichwa kinarudi ndani na kuvuta waya wa breki. Dereva anayeshuka akigusa breki kidogo kidogo bila kuachia anaziweka breki zote kazini muda wote. Ngoma za breki zinapata moto, harufu ya kuungua inaingia, kisha breki hazishiki. Teremsha gia kabla mteremko haujaanza, uache injini izuie. Mwendo ukizidi, kanyaga kwa uthabiti kwa muda mfupi, kisha achia kabisa zipoe. Ukisikia harufu, simama penye nafasi usubiri, usizimwagie maji.

Kabla ya kuondoka kila asubuhi mambo haya yanatazamwa kwa mkono na jicho: kichwa kimejifunga na alama ya kijani inaonekana, gurudumu dogo limepandishwa na kukazwa, breki ya mkono imeachiwa, taa zote zinawaka, na waya wa dharura umefungwa kwenye tundu lake maalumu. Waya huo ndio unaovuta breki ya mkono endapo karavani itachomoka. Ukizungushwa ovyo kwenye mpira wa kuvutia unaweza kuchomoka pamoja na kichwa, na hapo hauna faida yoyote.

Kwenye vibanda vya ushuru vya Ufaransa, karavani ya kawaida yenye kimo kati ya mita 2 na 3 hutozwa kama gari la daraja la 2. Kaa mbali na njia zenye alama ya kimo cha mita 2. Katika miji ya Italia, maeneo ya ZTL (sehemu za mji ambako magari yamezuiwa) yanalindwa na kamera na faini hufika nyumbani baadaye. Acha karavani kambini, ingia mjini kwa basi. Atakayefunga baiskeli nyuma na kuingia Hispania au Italia aweke ubao wa mistari myekundu na myeupe wa sentimita 50 kwa 50.

Kambini, umeme unawashangaza wengi. Ampea 6 kwa volti 230 ni wati 1,380. Birika la wati 2,000 linaweza kukata swichi, na huenda ukahitaji kumtafuta mlinzi aiwashe. Uliza ampea unapolipia nafasi. Waya wa mita 25 uwe na unene wa milimita za mraba 2.5, na ufunguliwe wote kutoka kwenye roli hata kama nguzo iko mita tano tu. Ukibaki umeviringishwa unapata joto na kuyeyuka. Kusawazisha karavani kuna mpangilio: kwanza kushoto na kulia kwa kabari chini ya gurudumu, kisha mbele na nyuma kwa gurudumu dogo, mwishoni miguu ya pembeni, ambayo ni ya kutuliza na haikutengenezwa kubeba kama jeki. Friji ya gesi isipokaa sawa haipoozi vizuri, na kwenye joto la kusini chakula kinaharibika.

Gesi ina shida yake: mitungi na viunganishi hutofautiana nchi kwa nchi, na mtungi mtupu wa nchi moja kwa kawaida haupokelewi nyingine. Beba ya kutosha, au nunua mtungi wa nchi utakayokaa zaidi pamoja na kiunganishi chake. Anayekwenda kipindi cha baridi atumie propeni, kwa sababu buteni hukoma kugeuka mvuke joto likikaribia nyuzi 0. Barabarani na kwenye feri mtungi uwe umefungwa.

Usitegemee kulala popote. Vituo vingi vya Ufaransa vilivyoandikwa vya magari-nyumba (yenye injini zake yenyewe) havipokei karavani, na Kroatia, Italia na Ugiriki kupiga kambi nje ya maeneo rasmi huleta faini. Maegesho ya barabara kuu usiku yana wezi. Kambi za pwani hujaa Julai na Agosti, na nyingi hufungwa kuanzia mwisho wa Septemba. Kwa majira ya baridi, pwani ya mashariki ya Hispania ndiyo yenye kambi nyingi zinazofanya kazi mwaka mzima.

Hapo kwenye majira ya baridi ndipo wasio raia wa Umoja wa Ulaya wanapokwama. Wageni wa muda mfupi wanaruhusiwa siku 90 katika kila siku 180 kwa eneo lote la Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao) kwa pamoja, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Zamani watu walijibanza Kroatia kusubiri siku zao. Tangu Januari 1, 2023 nayo imo ndani. Tangu Oktoba 12, 2025 hesabu hiyo imeanza kuingizwa kwenye mfumo wa kompyuta mipakani badala ya kutegemea mihuri. Anayetaka kukaa Hispania kuanzia Novemba hadi Machi aombe viza ya muda mrefu ya nchi hiyo kabla hajalipia kambi. Anayepanga kutoka Schengen kwenda Albania au Montenegro athibitishe kwa maandishi kwamba bima ya gari na ya karavani inafika huko.

Wasomaji wenu,
Waendeshaji wa karavani